Uliza Mjomba: Redio ya Noah, mafungu ya a-i-u-e-o na karaoke ya kubahatisha silabi

Kamwene wadau. Mwezi uliopita nilitaja kwa kupita tu kwamba Wajapani wana mchezo wa karaoke ambapo unapewa silabi moja na inabidi uimbe wimbo ambao jina lake linaanzia hapo, basi nimeamsha watu, meseji zimejaa mpaka simu inagoma. Leo najibu hizo tu. Wa mahusiano na wa parachichi za Njombe mnisubiri toleo lijalo.

*Shikamoo mjomba. Mi dereva, niko Mafinga. Nimevuta Noah ya mtumba toka Japani, sasa redio yake ina diski ya ndani na mwenye gari wa kwanza kaacha nyimbo zake humo, nyingi tu, na abiria wanazipenda. Tatizo ni kuzitafuta. Nikigusa sehemu ya muziki zinakuja batani kumi za maandishi yao, nagusa moja inafunguka listi, ila mpangilio siuelewi kabisa. Kuna sehemu nimeona nyimbo nne, zimeandikwa tofauti tofauti, zinafuatana, na ukizicheza wote wanataja neno lilelile. Nimekutumia picha. Hii redio mbovu au?*
*– Dereva wa Noah, Mafinga*

Marahaba mwanangu. Redio nzima kabisa, usimpe fundi aifungue. Na kabla sijasahau, yule dada anayeongea kwa adabu kila ukiwasha gari asubuhi hakusalimii, anakwambia kadi ya ETC haijaingizwa, ni kadi ya kulipia barabara zao za haraka, kwa hiyo ukiwa unapanda Kinyanambo usiwe na wasiwasi naye.

Twende kwenye batani. Zile kumi zinasomeka a, ka, sa, ta, na, ha, ma, ya, ra, wa. Wajapani wakipanga vitu hawaanzi na herufi kama sisi, wanaanza na silabi, alama moja silabi moja, na kila batani ni mlango wa familia nzima, yaani ukigusa "ka" humo ndani kuna ka, ki, ku, ke, ko. Vokali zao ni tano zilezile zetu ila wanazitaja a, i, u, e, o, mpangilio uliotokana na elimu ya Kisanskriti iliyofika kwao pamoja na dini ya Buddha. Alama za msingi leo ni 46. Kama umewahi kushika simu ya batani ya kule, namba 1 ni familia ya a, namba 2 familia ya ka, hivyo hivyo mpaka 0 ambayo ni wa, akili ni ileile.

Sasa picha yako. Hapo ulikuwa umegusa "sa", na zile nne zinazofuatana zote zinaitwa Sakura, maua ya mti wa cheri yanayochanua kwao mwanzoni mwa masika. Moja ya Moriyama Naotaro ya mwaka 2003, moja ya Ketsumeishi na moja ya Kobukuro, zote mbili za 2005, na ya nne ya Ikimonogakari ya 2006. Mmoja kaandika kwa ile alama moja nzito ya Kichina, wawili kwa zile alama za mviringo laini, mwingine kwa herufi kubwa za kizungu kama zetu, ndo maana machoni zinaonekana hazihusiani. Redio haijali umeandikaje, inajali inatamkwaje, ikisikia sa-ku-ra inaziweka benchi moja. Aliyekuwa na hilo gari alikuwa mtu wa maua huyo.

Kitu kimoja kitakusumbua nikuambie mapema. Hamna batani ya ga, wala ba, wala pa. Kwao ga ni ka iliyowekewa vinukta viwili pembeni, na pa ni ha iliyowekewa kiduara, kwa hiyo Gurenge ya LiSA, ile ya 2019 ambayo vijana wa katuni za Kijapani wanaijua, usiitafute popote zaidi ya familia ya ka. First Love ya Utada Hikaru ya 1999 iko familia ya ha, maana "fa" wanaiandika kwa kuanzia na fu, na fu ni ndugu yake ha. Ukishazoea hilo utakuwa unatafuta wimbo huku umesimama kituoni unaita abiria.

Na vitabu vya karaoke vya kule vilikuwa hivyohivyo, vinene kama vile vitabu vya zamani vya namba za simu, nyimbo maelfu kwa maelfu kwa mpangilio huu, siku hizi wanatumia kijikompyuta cha kugusa. Mtu aliyekulia kwenye kitabu cha namna ile kichwani mwake nyimbo zimeshajipanga kwa mafungu, mchezo wenyewe unazaliwa hapo.

*Mjomba mambo. Karaoke ni neno gani na nani aliianzisha? Huku kwetu Kabwe kuna ubishi, na kuna soda kreti moja imewekwa mezani.*
*– Mbishi, Mbeya mjini*

Poa. "Kara" ni tupu, "oke" ni kipande cha okesutora, matamshi yao ya okestra, kwa hiyo okestra tupu, haina mwimbaji, mwimbaji ni wewe uliyemaliza kula. Mwaka 1971 mwanamuziki wa baa za Kobe, Daisuke Inoue, alitengeneza mashine unayotumbukiza sarafu ya yen 100 inakupigia muziki uimbe, na hakuiandikisha kama mali yake, wengine wakatajirika. Mwaka 2004 wakampa tuzo ya Ig Nobel ya amani, ile ya vichekesho, kwamba kawafundisha watu njia mpya ya kuvumiliana. Ila kuna Shigeichi Negishi wa Tokyo, alikuwa na mashine yake tangu 1967. Kwa hiyo kreti mgawane. Na vile vyumba vya karaoke vya kukodi kwa saa vilianzia Okayama mwaka 1985 kwenye kontena, kontena kabisa kama hizi tunazofanyia duka za Mpesa.

*Mjomba shikamoo! Tuko hosteli Iringa, wasichana saba na wakaka watano, Jumamosi ni bethidei ya mwenzetu na tumepata laptopu, projekta na spika. Tunataka tucheze huo mchezo wa silabi. Wawili kati yetu wamemeza nyimbo za Kijapani kwa sababu ya katuni, sie wengine ni Bongo Fleva tu. Tunachanganyaje isiwe wale wawili wanashinda usiku mzima?*
*– Wa hosteli, Iringa*

Marahaba wanangu, na mumpe pole huyo wa bethidei, baridi ya Iringa mwezi huu si ya kuimbia nje.

Kuna namna mbili. Ya kwanza inaitwa shiritori, maana yake kwa lugha ya wazi ni kuchukua makalio, yaani mwenzio akitaja jina unachukua silabi ya mwisho na wewe ndo unaanzia. Akimalizia na ra unaanza na ra. Anayetaja neno linaloishia na "n" kapoteza, kwa sababu Kijapani hakina neno linaloanza na n peke yake, mwenzako anabaki hana pa kushika. Namna hii msiicheze. Nawaambia kwa uzoefu, miaka hiyo niliwahi kuishi nyumba moja Iringa hapohapo na mwalimu wa kujitolea Mjapani, umeme ulikuwa unakatika kila jioni na tukawa tunacheza hii kwa Kiswahili gizani, samaki, kitunguu, ugali, limau, basi na basi na basi, kumbe Kiswahili karibu kila neno linaishia na vokali, hamna mtego, hamna wa kupoteza. Mchezo haukuwahi kuisha, mshumaa ndo ulikuwa unaisha. Siku moja akagundua kitu akacheka mpaka akakaa chini, kwamba kwao n inaweza kufunga neno lakini haiwezi kulifungua, kwetu inafungua, nchi, nta, nne, lakini haifungi. Kama mlango mmoja uliowekwa bawaba upande wa pili.

Ya pili ndo yenu. Mnakata vikaratasi, kila kimoja silabi, mnatia kwenye kofia, mtu anachomoa, ana nusu dakika ya kutaja wimbo unaoanzia hapo na lazima aimbe angalau kiitikio. Akishindwa anakunywa glasi ya maji baridi, ya Iringa, si adhabu ndogo.

Utamu wake wote uko kwenye kujua silabi zipi tajiri na zipi maskini, na hapo ndo Kijapani na Kiswahili vinaachana. Kwao "a" ni tajiri wa kutupwa kwa sababu ai ni upendo. "Ko" ina koi ambayo nayo ni mapenzi, na kokoro, moyo. "Ki" ina kimi, yaani wewe, na wimbo gani wa mapenzi hauna wewe? "Yu" ina ndoto na theluji, yume na yuki, "na" ina machozi na kiangazi, "sa" ina sakura nimeshamwambia dereva, pamoja na sayonara. Akichomoa hizo hata mgeni anapita. Maskini ni kama "nu", hiyo mtu anaweza kusimama na maiki mpaka muda ukaisha, na "he", ingawa "he" ina mwokozi wake, Heavy Rotation ya AKB48 ya 2010, kwao inatamkwa Hebii.

Halafu kuna familia ya ra, hii naipenda kuliko zote. Maneno ya asili ya Kijapani hayakuwa yanaanza na r, yakianza na r ujue yametoka Uchina au ughaibuni. Sasa angalia nyimbo zao maarufu za familia hiyo. Ra, Love Story wa Totsuzen ni ya Kazumasa Oda, 1991. Ri, Linda Linda ya The Blue Hearts, 1987. Ru, Rouge no Dengon ya Yumi Arai, 1975, rouge ni Kifaransa, rangi ya mdomo. Re, Lemon ya Kenshi Yonezu, 2018. Ro, Robinson ya Spitz, 1995. Familia nzima wageni! Na mmeona Love, Linda na Lemon zimeingia kwenye r, kwa sababu kwao L na R ni sauti moja tu, kwa hiyo na nyie ruksa, atakayechomoa "ra" akaimba ya "la" apewe pointi, nusu ya Nyanda za Juu Kusini tutafaidika hapo na sitaji kabila la mtu.

Kwa Kiswahili utajiri uko pengine kabisa, uko kwenye viambishi. Ni-, na-, u-, wa-, ki-, ma-, si-, majina ya nyimbo yetu yanaanza na kitenzi muda wote, ninakupenda, nakuita, usiniache, sikuachi. Ukichomoa "na" hutakosa. Maskini wetu ni kama "fe", "gu", "ze", "vu". "Za" ina Zali la Mentali ya Professor Jay hiyo mmoja ataikimbilia, "ha" ina Hali Halisi ya Mr II, huyu Sugu wetu wa Mbeya, "ja" ina Jambo Bwana ya Them Mushrooms ya 1982 ambayo hata mpishi anaijua.

Kwa hiyo pointi zisifanane. Silabi tajiri pointi moja, maskini tatu, na mnapanga mapema kabla soda hazijafunguliwa. Wale wawili wa katuni muwape sharti, akichomoa silabi anaruhusiwa Kijapani ikiwa ni maskini kwa Kijapani, ikiwa tajiri aimbe Kiswahili. Atajua Zankoku na Tenshi no Teeze ya Yoko Takahashi ya 1995 kwa moyo, sawa, lakini akichomoa "a" asikimbilie Idol ya YOASOBI, atafute ya nyumbani. Na sie wengine tukishinda kwa Kiswahili kwenye silabi ya pointi tatu tuongezewe moja, hii ni sheria yangu mwenyewe, haina msingi wowote Japani.

Na msirudie kosa langu. Mwaka juzi kwenye kipaimara ya mpwa wangu Makambako niliandika vikaratasi vyote 46 kama vilivyo, nikasahau kutoa "n" na ile "wo" ambayo kwao ni ya katikati ya sentensi tu, hakuna jina linaloanzia hapo. Kijana mmoja akachomoa n. Akasimama, akaangalia karatasi, akaigeuza, akaangalia nyuma, halafu akaanza Ndio Mzee. Nusu ya ukumbi wakasema halali, nusu wakasema hiyo ni "ndi" si "n", na shemeji zangu wawili walikaa bila kusalimiana mpaka pilau. Toeni hizo mbili, bakini na 44.

*Mjomba habari. Marehemu baba alikuwa anapiga mluzi wimbo mmoja wa Kijapani anauita Sukiyaki, alikuwa anausikia kwenye redio ujanani. Nimeutafuta kwenye listi moja ya karaoke chini ya "su", haupo. Ulifutwa?*
*– Mtoto wa baba yake, Tukuyu*

Haujafutwa, na pole kwa mzee. Umetafuta mlango siyo. Jina lake la kwao ni Ue o Muite Aruko, uko chini ya "u". Kauimba Kyu Sakamoto mwaka 1961, ukavuka bahari, na Juni 1963 ukashika namba moja Marekani, kwa Kijapani kitupu. Wauzaji wa huku nje waliona jina gumu wakaupachika Sukiyaki, ambayo ni chakula, nyama ya ng'ombe ya kupikia mezani na mboga kwenye mchuzi wa soya. Ni kama wimbo wa msiba wauite Makande. Maana ya jina la kweli ni kutembea ukiwa umeinua uso juu, na sababu anaisema ndani ya wimbo, ili machozi yasidondoke. Sakamoto mwenyewe alifariki kwenye ajali ya ndege Agosti 12, 1985. Ukienda "u" utaupata, na huo mluzi upo katikati ya wimbo, mzee hakuutunga, aliusikia vizuri.

*Mheshimiwa mhariri wa ukurasa, mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, Njombe. Nasikitika kuona watu wazima wanachanganya herufi na silabi. Juzi nimesikia vijana wakicheza huo mchezo wako, mmoja kachomoa "m" kaimba Mwana ya Alikiba, wamempa pointi. Je, hiyo ni sahihi? Pili, naweza kuutumia darasani bila kelele za muziki?*
*– Mwalimu, Njombe*

Shikamoo mwalimu, hata kama umri tunalingana. Si sahihi, wamempendelea. Mwana ni mwa-na, makofi mawili. Angeimba kitu kinachoanza na "mtoto" ningempa, m-to-to, m inajitegemea na inapigiwa kofi lake. Kipimo changu ni hayo makofi tu, na najua utaniletea mbu na mbuzi, haya, mbu ni m-bu maana neno lenyewe fupi m lazima ibebe uzito, mbuzi ni mbu-zi. Na yule kijana wa Makambako na Ndio Mzee yake, ndi-o, kwa hiyo alikosa, shemeji mkubwa alikuwa sahihi, naandika hapa ili yaishe.

La darasani, lipo zuri zaidi ya karaoke. Wajapani wana karata za mashairi 100 ya washairi 100, mkusanyo wa Fujiwara no Teika wa karne ya 13. Karata zilizotandazwa chini zina nusu ya pili ya shairi tu. Msomaji anaanza kughani nusu ya kwanza, na wachezaji wawili wamepiga magoti wanasubiri, anayejua anaifyatua karata kwa kiganja. Sasa mashairi saba yanaanza na silabi ambayo hakuna lingine linaanzia, mu, su, me, fu, sa, ho, se, kwa hiyo msomaji akisema "mu" tu, hajafika hata silabi ya pili, karata imesharuka. Lakini 16 yanaanza na "a", hapo ukirusha mkono mapema unaumbuka, unasubiri silabi ya pili, ya tatu, mengine mpaka mbele huko.

Fanya kwa methali. Kata karata 40, juu yake andika nusu ya mwisho tu, "hujaza kibaba", "haina baraka", "haliachi kuvuma". Wewe soma mwanzo polepole. "Ha..." wanasubiri, inaweza kuwa Haba na haba, inaweza kuwa Haraka haraka, silabi ya pili ndo inaamua. "Asiye..." hapo utawaona wamekunja vidole wanatetemeka, mpaka silabi ya nne, a-si-ye-si ni la mkuu na makuu, a-si-ye-fu ni ya mamaye na ulimwengu. Halafu ghafla wapige na Debe tupu, ambayo kama hujaweka methali nyingine ya "de" ni ya silabi moja.

Ila siku hiyo asubuhi kagua kucha, maana ukisema tu "de" mikono kumi na mbili inashuka juu ya kikaratasi kimoja.